Simba aliyekatazwa kuitwa Simba

Leo tunaomba ruhusa yenu tuziweke kando khabari za siasa, ambazo hata zikingoja wiki moja hazitooza, tuzungumze kidogo juu ya katuni. Tunajua wapo watakaosema kwamba watu wazima walioanza kuota mvi hawana shughuli na katuni. Lakini kisa hiki kinaihusu lugha yetu, na khasa neno moja ambalo kila mtoto wa Mswahili hulijua kabla hajajua kufunga viatu vyake.

Kilianza nyumbani. Binti yetu, aliyezaliwa hukuhuku kwenye baridi, aliambiwa skuli achague neno moja kutoka lugha ya wazazi wake aende akalieleze mbele ya wenzake. Akachagua simba. Siku ya pili akarudi kanuna. Mwenzake mmoja alimwambia kwamba hilo si neno la lugha yoyote, hilo ni jina la yule simba wa sinema, na mwalimu, bila ya ubaya wowote, akaona ili kuepusha ubishi ni bora mtoto atafute neno jengine. Akaenda na "kijiko", ambalo mpaka tunapoandika hapa hakuna kampuni iliyolitaka.

Basi tukakaa kitako tukaanza kupekua. Tulichokuja kukiona ni kwamba ubishi wa binti yetu na mwenzake ulishawahi kufanyika katika ofisi za watu wazima, New York, katikati ya miaka ya 1960, na siku ile pia neno simba lilitolewa nje ya mlango. Sababu ilikuwa kinyume kabisa na ile ya mtoto wa skuli. Mtoto alisema simba ni mali ya mtu. Wanasheria wa New York walilikataa kwa kuwa si mali ya mtu yeyote.

Tuanzie Japani. Osamu Tezuka alizaliwa mwaka 1928 karibu na Osaka, akasomea udaktari wa binadamu mpaka akapata leseni, kisha akaamua kuwa mchoraji. Japani nzima ilikuja kumwita mungu wa manga, yaani ya vile vitabu vya hadithi za picha ambavyo kule husomwa na wakubwa kwa wadogo. Kuanzia mwaka 1950 hadi 1954 alichapisha katika jarida la vijana hadithi aliyoiita Jungle Taitei, tuseme Kaisari wa Msituni. Ni hadithi ya simba mweupe wa Afrika aitwaye Leo, ya ukoo wake, na ya ndoto yake ya kuwafanya wanyama waishi kwa sheria kama watu. Tezuka mwenyewe alisimulia kwamba fikra ya simba mweupe ilimjia kwa makosa: alikuwa akipaka rangi picha ya simba usiku chini ya taa ya umeme, na kulipokucha akaona rangi aliyoipaka haionekani, na simba wake katoka mweupe. Hakujua wakati huo kwamba simba weupe wapo kweli. Walikuja kuandikiwa kitabu na kujulikana ulimwenguni baada ya kuonekana Timbavati, Afrika Kusini, mwaka 1975.

Hapa hapana budi tuseme jambo ambalo msomaji wa Tsavo au Serengeti keshaliona. Simba haishi msitu mnene. Simba ni mtu wa mbuga, wa nyasi na kivuli cha mgunga. Lakini Tezuka alikuwa hajapata kukanyaga Afrika, na Afrika yake aliipata vitabuni na sinemani, ambako kila kitu ni msitu na kila msitu una ngoma. Watu weusi aliowachora katika kitabu kile aliwachora kwa mtindo wa enzi zile, midomo mikubwa na macho ya kutumbua, na si jambo la kulifumbia macho. Mwaka 1990 kulitokea malalamiko huko huko Japani, uchapishaji wa baadhi ya vitabu vyake ukasimamishwa kwa muda, na matoleo yaliyofuata yakawa na maelezo kwa msomaji. Tezuka alikuwa keshafariki mwaka mmoja nyuma yake, Februari 1989. Pamoja na hayo, tukikisoma kisa chenyewe tunaona kwamba muovu wake mara nyingi ni mwindaji anayekuja na bunduki kutoka nje, na mwenye kudhulumiwa ni wa pale pale. Kwa kitabu kilichoanza mwaka 1950, hilo si dogo.

Tezuka alianzisha kampuni ya katuni aliyoiita Mushi. Wachagga wasifurahi mapema, kwa Kijapani mushi ni mdudu, na Tezuka alikuwa mpenzi mkubwa wa wadudu tangu utotoni. Tarehe 1 Januari 1963 kampuni hiyo ilianza kurusha kwenye televisheni ya Fuji hadithi ya mtoto wa chuma aitwaye Atom. Mwaka huo huo tawi la mauzo la NBC ya Marekani likainunua, likampa kazi ya kuitia Kiingereza bwana mmoja wa New York aitwaye Fred Ladd, na Atom akageuka Astro Boy. Kati ya vipindi 193 vilivyotengenezwa Japani, 104 ndivyo vilivyoingizwa sauti za Kiingereza. Wamarekani waliipenda bila ya kujua kwamba ni ya Kijapani, na waliokuwa wakiiuza hawakuwa na haraka ya kuwaambia.

Fedha hizo za Marekani ndizo zilizomtia moyo Tezuka kujaribu kitu ambacho Japani ilikuwa bado haijakifanya, mfululizo mzima wa katuni kwa rangi. Wakati huo NBC ilikuwa ikihamishia karibu vipindi vyake vyote vya jioni kwenye rangi na haikutaka tena nyeusi na nyeupe. Sisi tuliokulia Zanzibar tunaielewa vizuri ajabu ya rangi, maana visiwa vyetu vilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakati Bara ilikaa bila ya televisheni yoyote mpaka 1994, na tulizoea kuwatambia jamaa zetu wa Dar es Salaam kwa jambo hilo, hata kama umeme wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Japani, Jungle Taitei ilianza kuonekana tarehe 6 Oktoba 1965, ikaendelea kwa vipindi 52, na muziki wake ulitungwa na Isao Tomita, kwa okestra kamili, jambo ambalo televisheni ya watoto haikuwa imezoea kulilipia.

Lakini mwenye kulipa ana maneno. NBC ilitaka mambo mawili, na yote mawili yaliikata hadithi miguu.

La kwanza, kila kipindi kiwe na mwanzo na mwisho wake. Siku zile katuni ya kuuzwa ilisafiri kwa mikanda. Kituo cha mji mmoja kikimaliza mkanda wake kiliupeleka kwa posta kituo cha mji wa pili, na hakuna aliyekuwa na hakika mkanda wa saba utafika kabla ya wa tano. Hadithi inayoendelea ingemchanganya mtazamaji. La pili lilifuata la kwanza: mtoto wa simba asikue. Ikiwa kipindi cha 40 kinaweza kuonyeshwa kabla ya cha 10, basi haiwezekani Jumatatu awe na manyoya ya shingo na Jumanne awe shibli anayenyonya. Sasa katika kitabu cha Tezuka, Leo anakua, anaoa, anapata watoto, na mwisho anakufa mlimani kwenye theluji, akimwachia rafiki yake binadamu ngozi na nyama yake ili asife kwa baridi na njaa. Kitabu chote kinakwenda kwenye mlima ule. Ukimzuia mtoto kukua umeuondoa mlima.

Tezuka alikubali. Alikuwa na wafanyakazi wa kulipa.

Halafu likaja suala la jina. Leo lisingefaa, maana Marekani ilikuwa tayari na simba maarufu wa jina hilo, yule anayenguruma mwanzo wa sinema za MGM. Sisi Waswahili tungekuwa na taabu nyengine nalo: kwetu leo ni leo, na mtu atasemaje kwamba Leo hakuja leo, atakuja kesho? Kwa simulizi ya Ladd, waliotafuta jina jipya walifika haraka kwenye neno la Kiswahili, simba. Ni fupi, linatamkika, na linatoka Afrika. Ndipo wanasheria walipotikisa vichwa. Simba ni neno la kawaida la lugha hai, wakasema, kila mtu anaweza kulitumia na hakuna wa kumzuia, na NBC ilitaka kuuza midoli na vitabu kwa jina ambalo ni lake peke yake. Basi wakaing'oa herufi ya kwanza wakapachika K. Simba akawa Kimba. Katuni ikaitwa Kimba the White Lion, ikaanza kuonekana kwenye vituo vya Marekani mwaka 1966.

Hapa tunamwomba msomaji anayekula aweke kijiko chini. Katika chumba kile hapakuwa na Mswahili hata mmoja, na hilo linajulikana bila ya kuuliza, kwa sababu angekuwapo angepiga kelele. Kimba, kwa wasiolijua neno, fungueni kamusi herufi ya K. Maana ya kwanza ni mzoga, kiwiliwili cha aliyekufa. Maana ya pili hatuiandiki hapa, ila inapatikana kwa wingi kwenye zizi la ng'ombe. Kwa hiyo mfalme wa wanyama, mtoto mweupe kama pamba, ambaye watoto wa Marekani walimwimbia wimbo wake kila siku baada ya skuli, alikuwa akiitwa mzoga, au kile kingine. Wimbo wenyewe, kwa taarifa, ulitungwa na Bill Giant, Bernie Baum na Florence Kaye, watatu ambao walikuwa wakimtungia nyimbo Elvis Presley.

Hatusemi haya kwa kejeli tu. Mtu anapolichukua neno la watu bila ya kuwauliza, halafu akalibadilisha bila ya kuwauliza, ndivyo inavyokuwa. Lakini tuwe waadilifu, kazi yenyewe ya kutia sauti ilifanywa kwa ufundi mkubwa na watu wachache sana. Billie Lou Watt ndiye aliyekuwa sauti ya Kimba, kama alivyokuwa sauti ya Astro Boy kabla yake. Mwanamke huyo alikuwa akigeuza sauti yake kuwa ya mtoto wa kiume, na katika kipindi hicho hicho akawa na ya mama na ya ndege. Pamoja naye walikuwa mume wake Hal Studer, Gilbert Mack na Ray Owens. Wanne hao walibeba msitu mzima. Mikanda ilitoka Tokyo na tafsiri ya juu juu, Ladd na waandishi wake wakaitazama picha, wakaandika maneno mapya yanayotoshea kwenye midomo, na waigizaji wakasimama mbele ya maikrofoni wakiitazama picha ile ile ikirudiwa na kurudiwa mpaka neno na mdomo vikutane.

Wenzetu wa Dar es Salaam watakumbuka kazi ya Lufufu, na wa Nairobi kazi ya DJ Afro. Wao ni mtu mmoja na maikrofoni moja, na sinema nzima ya Kihindi au ya Kichina inageuka Kiswahili, na Bruce Lee anapewa ndugu Manzese. Lufufu hakujali midomo. Mdomo ukifunga yeye anaendelea, kwa sababu anasimulia, haigizi. Ladd hakuwa na uhuru huo. Kiingereza chake kilitakiwa kuingia katika vinywa vilivyochorwa kwa ajili ya Kijapani. Kilichomsaidia ni kwamba katuni za Mushi zilichorwa kwa gharama ndogo, na mdomo ulikuwa na michoro michache tu: umefumba, umefumbuka, umefumbuka sana.

Tulipovitazama baadhi ya vipindi hivyo tukazima sauti na kujaribu kuvitia Kiswahili wenyewe, kwa mchezo tu, na jambo moja likatushangaza. Midomo ilikubali. Kijapani, kama Kiswahili, kinapenda silabi inayoishia kwa irabu: Osaka, Toyota, Yamaha, maneno ambayo fundi wa gereji Mwanakwerekwe anayatamka vizuri kuliko Muingereza. Kinywa kinafunguka mwisho wa neno. Kiingereza kinapenda kufunga mlango kwa konsonanti, na ndiyo maana katika Kimba unaona maneno mengi ya kujazia, ah na oh na well, yamewekwa pale kinywa kilipobaki wazi bila ya kazi. Katuni ile ingeingia Kiswahili kama mguu kwenye kiatu chake.

Majina yote mengine nayo yalibadilishwa. Baba wa simba, Panja, akaitwa Caesar. Mama yake, Eliza, akawa Snowene. Kasuku Koko akapewa jina la Pauley Cracker. Mzee wa busara ambaye Tezuka alimchora kuwa mandrili akaitwa Dan'l Baboon, yaani nyani Daniel, ingawa mandrili si nyani wetu huyu wa Voi bali ni mkaazi wa misitu ya Gabon na Kameruni. Simba adui mwenye jicho moja, Bubu, akaitwa Claw. Vifo vilipunguzwa, na baadhi ya waliokufa kwa Kijapani kwa Kiingereza waliondoka tu.

Kifo kimoja hakikuweza kuondolewa, maana ndicho kinachoianzisha hadithi. Katika kipindi cha kwanza wawindaji wanamuua baba na kumkamata mama akiwa mja mzito. Mama anapakiwa melini kupelekwa ng'ambo kwenye bustani ya wanyama, na mtoto anazaliwa ndani ya kitundu, baharini. Mama anamwambia mwanawe apite kwenye vyuma, yeye ni mdogo anaweza, aruke majini na arudi kwao Afrika. Mtoto hajawahi kuiona hiyo Afrika. Anaruka. Nyuma yake inakuja dhoruba na meli inazama na mama yake ndani, na usiku, akiwa anakaribia kuchoka, nyota za mbinguni zinajipanga sura ya mama yake na kumwonyesha njia. Sisi tulikiangalia kipindi hicho jikoni, kwenye kompyuta, mvua ya Novemba ikigonga dirisha, na hatukuwa na la kusema kwa muda. Msomaji aliyeondoka kwao kwa namna ambayo si ya kupenda atatuelewa, na ambaye hakuondoka hivyo tunamwombea asije akatuelewa.

Baada ya vipindi 52 mkataba wa kutengeneza ulikwisha, na Tezuka hakusubiri hata wiki mbili. Tarehe 5 Oktoba 1966 alianza Japani mfululizo wa pili, vipindi 26, bila ya fedha za NBC na bila ya masharti yake, na humo Leo ni simba mzima, ana mke na watoto wawili. NBC ikaukataa. Mwaka 1967 filamu iliyokusanywa kutokana na vipindi vya mwanzo ilipata Simba wa Fedha katika tamasha la filamu za watoto la Venice, na kwa muda ikaonekana kwamba mambo yatakuwa mazuri. Hayakuwa. Mushi ilikuwa ikiuza vipindi kwa bei chini ya gharama, ikafilisika mwaka 1973. Haki ya NBC ikaisha mwaka 1978, na kwa kuwa Mushi ilikuwa keshaanguka, haki zikabaki kwenye mzozo wa mawakili na Kimba akatoweka kwenye televisheni za Marekani. Ule mfululizo wa pili, wenye simba mzima, ulikuja kupata Kiingereza mwaka 1984 kwenye kituo cha kidini cha CBN, kwa sauti nyengine, na humo anaitwa Leo. Mtoto wa Marekani aliyempenda Kimba mwaka 1966 akimwona Leo mwaka 1984 hakuwa na namna ya kujua kwamba ni yeye yule, kakua.

Miaka 10 baadaye, Juni 1994, Disney ikatoa The Lion King. Simba mtoto anampoteza baba. Kuna mzee wa busara ambaye pia ni mandrili, kuna ndege mshauri, kuna fisi, kuna simba adui mwenye kovu la jicho, na kuna baba anayetokea mawinguni. Na shujaa anaitwa Simba, jina lile lile ambalo wanasheria wa NBC walisema halimilikiki. Matthew Broderick, aliyempa Simba sauti, alisema kwamba alipopata kazi hiyo alidhani ni Kimba aliyemwangalia utotoni. Mchoraji Machiko Satonaka aliandika barua ya malalamiko iliyotiwa saini na mamia ya wachoraji wenzake wa Japani. Disney ikajibu kwamba watengenezaji wake hawakuijua kazi ile ya Tezuka, jambo ambalo Ladd alisema haliingii akilini. Kampuni iliyoachwa na Tezuka ikaamua kutoshitaki. Mkuu wake alieleza kwamba Tezuka, ambaye alimpenda Walt Disney maisha yake yote, aliiangalia Bambi zaidi ya mara 80 na alikutana na Disney mwenyewe kwenye maonyesho ya New York mwaka 1964, pengine angefurahi kuona amemwathiri.

Rai yetu ni ipi? Tulipoanza kupekua tulikuwa tayari kupiga kelele za mwizi. Sasa tumepoa kidogo. Baadhi ya picha ambazo watu huziweka ubavu kwa ubavu kuthibitisha wizi zinatoka kwenye filamu ya Kijapani ya mwaka 1997, miaka mitatu baada ya The Lion King, na mwizi hawezi kuiba kitu ambacho hakijatengenezwa. Kisa cha ami kumuua mfalme na mrithi kukimbia ni cha Hamlet, na Kimba haina ami wa namna hiyo. Yanayofanana yapo na ni mengi mno kuitwa sadfa tupu, na pengine mahala fulani mchoraji mmoja alikumbuka utoto wake bila ya kujua kwamba anakumbuka. Zaidi ya hapo hatuapi.

Tunachoweza kukisema bila ya kuapa ni kuhusu Kiswahili. Katika Kimba kuna binadamu, wabaya kwa wazuri, weusi kwa weupe. Katika The Lion King hamna hata mmoja. Watengenezaji wake walikwenda Kenya, wakaiangalia Hell's Gate, wakarudi na milima, nyasi, machweo na maneno: simba, rafiki, sarabi, pumbaa, na shenzi, neno ambalo wazee wetu walitukanwa nalo na wakoloni na sasa ni jina la fisi wa kuchekesha. Watu wenye maneno hayo hawakuchukuliwa. Ilipofika kuiingiza filamu hiyo lugha ya Kiafrika kwa mara ya kwanza, lugha iliyochaguliwa ilikuwa Kizulu. Kizulu kina haki yake, na kiliimbwa humo tangu wimbo wa mwanzo. Lakini Simba wa Kiswahili alijua kunguruma Kizulu kabla hajaambiwa na mtu maana ya jina lake kwao.

Na haikuishia hapo. Mwaka huo huo wa 1994 Disney iliomba Marekani kuisajili "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara kwenye nguo, na ikaipata mwaka 2003. Mtu wa Unguja au Mombasa hasemi hakuna matata ila kwa mtalii. Baina yetu tunasema hamna neno, au hakuna shida. Lakini hata maneno ya kumwambia mtalii ni ya kwetu. Mwishoni mwa 2018 mwanaharakati wa Zimbabwe, Shelton Mpala, alianzisha waraka wa kupinga usajili huo, na watu zaidi ya 100,000 wakautia saini. Mawakili walieleza, na kisheria walikuwa sawa, kwamba alama ya biashara haimzuii mtu kuongea, inamzuia kuuza fulana. Hebu nendeni Forodhani jioni mhesabu fulana zilizotundikwa.

Kwa hiyo mwaka 1966 neno letu lilikuwa la wote mno kiasi cha kutofaa kibiashara, na miaka 28 baadaye maneno yetu mengine yakawa yanafaa sana. Lugha ni ile ile. Kilichobadilika ni ustadi wa mawakili.

Kimba mwenyewe alirudi. Kampuni ya Right Stuf ilivitoa vipindi vyote 52 vya Kiingereza kwenye DVD mwaka 2005, na sauti ya Billie Lou Watt inasikika humo kama mtu aliyerikodi jana. Tumeangalia karibu nusu yake pamoja na binti yetu. Halafu, kwa kuwa tulitaka amwone akiwa mzima, tukamtafutia ile filamu ya 1997, ambayo mwisho wake ni ule wa kitabu, mlimani, kwenye theluji. Alilia sana, kisha akauliza kwa nini huyu anaitwa Leo na yule Kimba, na kimba maana yake nini.

Tukamwambia amuulize bibi yake Jumamosi kwenye simu. Bibi yuko Michenzani, ana miaka 81, na hajawahi kuona katuni ya Kijapani. Tulimsikia akimuuliza mjukuu wake nani kamfunza neno hilo. Binti akamjibu kwamba ni jina la mtoto wa mfalme, mweupe, aliyeruka kutoka melini akaogelea mpaka kwao. Kukawa kimya kidogo upande wa pili, kisha bibi akauliza, "Kwao wapi?" na kabla hajajibiwa akaanza kucheka mpaka simu ikaishiwa chaji.